Fujo ya Kinanda cha Casio

Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa albamu ya Jagwa Music, kikundi cha Dar es Salaam, ikaitwa Bongo Hotheads. Wachambuzi wa Ulaya waliipokea vizuri mno. Waliifananisha na panki. Simaanishi mtindo wa nywele, bali ile roki ya vijana wa London wa miaka ya 1970, ya haraka na isiyojali adabu. Walipenda kinanda kidogo cha Casio cha enzi za miaka ya 1980, kinachokimbizwa juu ya ngoma na kukwaruza katika vipaza sauti vya kuungaunga. Walisifu ukale wake na walisifu fujo yake.

Nyumbani sifa zilikuwa nyingine. Jagwa walianza mwaka 1992, kwa hiyo albamu hii ilitoka wakiwa na miaka 20 kazini. Muziki wao, mchiriku, ulizaliwa uswahilini kutokana na ngoma za Wazaramo, na redio hazikuupa nafasi kubwa. Watu wazima wengi waliuita uhuni. Na kile kinanda, sioni kwamba kilichaguliwa kwa kuwa ni cha kale. Kilikuwa rahisi kununua na rahisi kubeba, basi.

Mimi ni mtu wa Afungi. Nilizaliwa Quitupo, kisha tukahamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi. Albamu hii niliipata kwenye kadi ya simu ya binamu yangu, ambaye huleta nguo kutoka Mtwara. Likizo iliyopita niliipiga uani kwetu, nikitaka kusikia wasikilizaji wangu watasemaje.

Mjomba alianza kwa kuuliza kama kinanda kimemharibikia mpigaji. Baada ya wimbo wa pili hakuuliza tena. Mguu wake ulikuwa unafuata ngoma bila ruhusa yake. Akasema vijana hawa wamefundwa na wazee, ila wana haraka ya kwenda mahali. Sijasoma uchambuzi wa mchiriku unaonitosha kama huo.

Bibi hakujali kinanda. Yeye ni msemaji wa Kimwani, na Kiswahili cha mjini kinampita, kwa hiyo alinitaka nimfafanulie maneno. Nikamweleza: mapenzi yaliyovunjika, madawa ya kulevya, ukimwi, maisha ya mjini yasiyongoja mtu. Akaniuliza, "Sasa mbona wanaimba kama wako harusini?" Nikamjibu kwamba ndiko wanakoimba, harusini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wana akili. Msibani nani angewasikiliza?" Wachambuzi wengi wa mbali hawafiki hapo, maana wanasikiliza mdundo, na maneno wanayaachia kijitabu cha albamu. Wakosoaji wa nyumbani nao husikia neno uhuni kabla hawajasikia wimbo.

Kisha jirani alibisha hodi. Alisimama mlangoni, kanga ameishika kifuani kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, ni ngoma hiyo? Kwa mbali sikujua ni nini." Sote tulielewa. Tangu mashambulizi ya Palma ya Machi 2021, kitu kinachogonga haraka haraka usiku huwa hakiitwi ngoma mpaka mtu ahakikishe. Nikazima.

Nilifikiria fujo ile inayosifiwa Brussels. Siwalaumu, anayelala salama ana haki ya kupenda kelele. Lakini ni wimbo uleule, na mtu mmoja anausikia kama uhuru, mwingine kama uhuni, wa tatu anasimama kitandani kutafuta watoto wake gizani. Albamu ikipewa alama, alama za huyu wa tatu zinaandikwa wapi?

Mjomba alimvutia mkeka. Jirani akaketi, akauliza wanaimba nini. Bibi, aliyekuwa amefafanuliwa dakika kumi tu zilizopita, akaanza kumweleza kana kwamba amezaliwa Temeke. Alipomaliza, jirani akaniambia niwashe tena, sauti ndogo.

Niliwasha. Kwa sauti ndogo kinanda kinapotea kabisa, zinabaki ngoma na mwimbaji.