Kuhesabu Msukosuko Ndani ya Tangi

Haya wasomaji, leo tuache kidogo mambo ya simu na tovuti. Tutazame maji yanayokorogwa.

Rafiki yangu mhandisi aliniletea picha za tangi la majaribio akitaka nimwandikie programu ya kuzisoma. Picha zenyewe hupigwa hivi: chembe za kioo, upana wa mikromita 10 hivi, hutiwa majini. Leza huangaza tabaka moja jembamba. Kamera hupiga picha mbili, moja nyuma ya nyingine kufumba na kufumbua. Programu huigawa picha katika vijisehemu, tuseme pikseli 32 kwa 32, kisha hutafuta kila kijisehemu kimehamia wapi. Gawanya umbali kwa muda, umepata kasi.

Basi tukapata mishale maridadi ya rangi, na mkubwa wake akafurahi. Alichotaka ni namba moja tu: maji yanasukwasukwa kwa nguvu kiasi gani? Walipanga kujenga tangi kubwa la kutengenezea fuwele za dawa, na fuwele zikikorogwa kupita kiasi husagika. Namba ikiwa ndogo kuliko ukweli, hasara.

Na hapo ndipo penye utata. Nishati ya mwendo hugeuka joto ndani ya vizingia vidogo kabisa. Katika maji yanayopokea wati 1 kwa kila kilo, vizingia hivyo ni kama milimita 0.03. Pikseli yetu moja ilifunika milimita 0.05, kwa hiyo kijisehemu kizima kilikuwa milimita 1.6, zaidi ya mara 50! Kilichokuwa kikitokea humo ndani, programu haikukiona.

Nikamwambia rafiki yangu tumuulize mota. Ukipima msokoto wa mhimili na kasi ya kuzunguka, unajua nishati yote iliyoingia. Mwendo ukishatulia, inayoingia lazima ilingane na inayogeuka joto. Tukajumlisha tabaka zote tulizopima: haikufika hata nusu.

Mkubwa alitaka nilainishe grafu, tumalize kazi. Nilikataa, nikampelekea namba zote mbili, ya picha na ya mota, na tofauti yake. Hakupendezwa, ila tangi kubwa likasimamishwa kwanza ili picha zipigwe upya, kwa karibu zaidi.

Nawe ukitaka kujaribu, OpenPIV ni programu huria ya Python, haina malipo. Lakini usisahau mota. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nishati ni vivyo hivyo.