Laini mbili, nguzo moja

Leo tuongee kuhusu seva, ila si zile za California. Hizi ziko Kisii na Nyamira, kwenye mvua, radi na chai.

Chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima kiliniomba niwapangie klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikianguka nyingine ziendelee. Meneja aliniuliza swali moja tu: "Kijana, siku ya bonasi itakuwaje?" Nilimwelewa. Bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba, na karo na madeni yote yanaisubiri. Mama ametoka Nyansiongo kwa matatu. Ukimwambia "hakuna mtandao, rudi kesho" umemla nauli na siku nzima.

Sasa hesabu. Laini inayopatikana asilimia 99 ya wakati inasikika nzuri, kumbe kwa mwaka inakuacha bila mawasiliano saa 87, zaidi ya siku tatu na nusu! Ukiweka mbili za namna hiyo, karatasi inasema zitakufa pamoja dakika 53 tu kwa mwaka. Tamu sana... lakini karatasi inadhani kila laini ina kifo chake. Nilipanda bodaboda nikafuata nyaya zote mbili kutoka mjini Kisii hadi Nyamira. Kampuni mbili, ankara mbili, na sehemu ndefu ya njia nyaya zimening'inia kwenye nguzo zilezile. Lori moja likiteleza, kwaheri zote mbili. Basi ya pili tukaamua iwe ya redio, kutoka kilima hadi kilima. (Vilima angalau tunavyo.)

Umbali hautusumbui. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo Kisii hadi Nyamira na kurudi haufikishi nusu ya milisekunde. Kinachosumbua ni kura. Seva zikipotezana, kila upande unaweza kudhani mwenzake amekufa, uanze kuandika hesabu zake, na mkulima alipwe mara mbili. Dawa yake ni seva tatu, na upande wenye mbili ndio unaoendelea. Wengi huweka mbili Kisii na moja Nyamira. Haya, Kisii ikizima? Nyamira inabaki na kura moja, inanyamaza. Ya tatu nimeipangia Kisumu, kikompyuta kidogo cha kupiga kura tu.

Radi nayo haina huruma huku kwetu. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, kwa hiyo kati ya jengo na jengo natumia faiba hata kama ni mita 50. Waya wa shaba huleta radi mpaka mezani.

Halafu stima. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ilizimika, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukapata giza jenereta moja ilipokataa kuwaka. Jenereta isiyowashwa kila wiki, tena ikiwa na mzigo, mimi siihesabu.

Uangalizi natumia Nagios, mzee wa kazi, ana jina hilo tangu 2002. Lakini mlinzi asilale ndani ya nyumba anayoilinda: nimemweka nje ya klasta, na modemu yenye laini yake ya simu, atume SMS. Barua pepe ingepita kwenye laini ileile iliyokufa! Hapigi hodi tu kwenye seva; kila dakika tano anatoa shilingi moja kwenye akaunti ya majaribio na kuirudisha. Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi ananiandikia "niko hai". Asubuhi nisipoipata, najua mlinzi mwenyewe ndiye mgonjwa.

Kamati imepitisha pesa za redio. Za betri za Nyamira bado wanazijadili, na Oktoba haiko mbali.