Na Ziwa Je?

Miaka michache iliyopita tulimzika mvuvi wa dagaa huko Igombe, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Dhoruba ilikuwa imepindua mtumbwi wao usiku. Kaburini tulisoma Ufunuo 21, kama tulivyozoea, tukahubiri kwamba dunia hii ni kivuli tu na uzuri wote uko ng'ambo. Jioni, watu walipopungua, mjane wake alitusogelea.

"Baba mchungaji, mmesoma kwamba huko bahari haimo tena. Na ziwa je? Yule mtu bila ziwa atafanya nini?"

Tukamjibu haraka haraka kwamba huko hakuna kazi wala machozi. Akasema ahsante. Tuliondoka tukijua kuwa hatujamjibu.

Swali hilo tulikuwa nalo bado tulipokutana tena na Jack Cardiff, mpiga picha za sinema Mwingereza. Tulipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu mmoja alituonyesha The African Queen ya mwaka 1951, kisa cha mmisionari na dada yake katika nchi hii wakati wa Wajerumani, mwaka 1914. Kijiji chao cha misheni kilijengwa Butiaba, kando ya Ziwa Albert, Uganda. Cardiff alipiga picha hizo huko na Kongo kwa kamera ya Technicolor, dude zito lililopitisha nuru kwenye mikanda mitatu kwa mpigo ili rangi zitoke. Wengi katika msafara waliugua kwa sababu ya maji. Sisi wanafunzi tulikasirika kuona waumini Waafrika wakionyeshwa kama watu wasiojua kuimba. Hasira hiyo tunayo hadi leo. Lakini mto ule na majani yake hatukuvisahau.

Cardiff, aliyezaliwa 1914, alikuwa mtoto wa wasanii wa majukwaani waliohamahama, hivyo shule hakuipata sana. Mwaka 1936 Technicolor walipotafuta Mwingereza wa kufundishwa kamera hiyo, alikiri mbele yao kwamba mambo ya mitambo hayajui. Anachokijua ni kutazama nuru: inavyoingia nyumbani, inavyoangukia uso, na jinsi wachoraji kama Rembrandt walivyoitumia. Wakamchukua yeye. Baadaye, kwa Black Narcissus ya 1947, aliwaweka watawa juu ya milima ya Himalaya bila kutoka Uingereza, kwa nuru na mandhari za kuchorwa, akapata tuzo ya Oscar.

Iliyotushika sisi ni A Matter of Life and Death, ya 1946. Rubani anaponea kifo kwa makosa, na mbinguni wanamdai. Tulitegemea mbingu ing'ae. Kumbe dunia ndiyo yenye rangi zote, na mbingu haina rangi hata moja! Mjumbe anayetumwa kumchukua rubani anafika bustanini kwenye maua na kukiri kwamba huko juu wana njaa ya rangi. Na pale rubani anapojikuta ufukweni, picha inaanza kwa ukungu unaofifia polepole. Cardiff hakutumia mtambo wowote: aliipulizia lenzi pumzi yake.

Kwa mafundisho, sinema hiyo imekosea. Ufunuo huohuo tuliousoma kaburini unataja yaspi, yakuti samawi, zumaridi, mawe kumi na mawili ya kila rangi. Lakini mahubiri yetu je? Tulikuwa tumesimama mita chache kutoka ziwani, jua likiwaka juu ya maji aliyoyapenda marehemu, tukamwambia mkewe kwamba hayo yote ni kivuli.

Tulirudi Igombe usiku wa giza la mwezi, wavuvi wakiwa kazini. Mama yule alitukalisha nje. Tukamwambia tulimjibu vibaya, na kwamba habari za ziwa hatujui. Hakusema kitu. Baadaye akatuonyesha taa za mitumbwi kwa kidole, ile ya shemeji yake, ile ya jirani, ile iliyo peke yake kule mbali ambayo huwa haikai na wenzake.

"Pale ndipo alipopenda yeye," akasema, akaingia ndani kutuletea chai.