Kumtafuta Mbweha wa Redio

Jioni moja kijana wa Vigwaza, kijiji kilicho kando ya njia kuu iendayo Morogoro, alihesabu mbuzi wake akaona mmoja hayupo. Akaingiwa na hofu, maana mbuzi yule alikuwa amana ya mjane jirani, naye mjane hakuwa na mwingine. Jua lilikuwa linakuchwa, na upande wa mto Ruvu fisi hutoka mara giza liingiapo.

Mbuzi alikuwa na kengele shingoni. Kijana akasikiliza, akaisikia, akakimbia mbio hata mahali alipodhani inalia. Kumbe hapana kitu. Akaisikia tena upande mwingine, akakimbilia huko, napo patupu. Miiba ilikuwa imekwisha kumchana miguu babu yake alipomfikia.

"Shikamoo, babu," akasema, na machozi yanamlenga.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wakimbilia wapi?"

"Naifuata kengele, babu, lakini yanidanganya."

"Sauti hugonga ukingo wa mto ikarudi, nawe wafuata mwangwi. Tena wasikiliza mahali pamoja tu, kisha wakimbia. Simama hapa. Nyosha mkono kuelekea kengele, ukumbuke mti ulio mbele ya mkono wako. Haya, sasa twende mpaka ule mbuyu, usikilize tena."

Kijana akafanya kama alivyoambiwa. Njia mbili alizoonyesha kwa mkono zikakutana penye kichaka kimoja cha miiba. Wakaenda, wakamkuta mbuzi amenaswa kwa kamba yake. Wakamfungua, wakamrudisha kwa mwenyewe kabla ya usiku.

Baada ya miaka kadhaa kijana yule akafundishwa shuleni habari za redio, ambayo wazee waliiita simu ya upepo. Akasikia kwamba wako watu duniani wanaotengeneza redio na kuzungumza kwa redio si kwa mshahara, bali kwa kuipenda tu kazi hiyo. Kila mmoja hupewa ruhusa na serikali yake, pamoja na jina la stesheni yake. Majina ya Tanzania huanza kwa 5H. Watu hao wana mchezo uitwao kuwinda mbweha. Mbweha wenyewe si mnyama, ila ni chombo kidogo cha kurushia mawimbi, kilichofichwa porini.

Katika mashindano makubwa hufichwa vyombo vitano. Kila kimoja hulia kwa dakika moja, kisha hunyamaza kwa dakika nne wenzake wanapolia kwa zamu. Hulia kwa alama za Morse, na mwisho wa alama hizo huwa na vituo vifupi: kimoja kwa chombo cha kwanza, viwili kwa cha pili, na kuendelea hata vitano. Mchezaji huenda kwa miguu, peke yake, akiwa na redio, dira na ramani. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanywa nchini Poland mwaka 1980.

Je, redio huonyeshaje njia? Ukichukua redio ndogo ya mawimbi ya kati na kuizungusha polepole, utasikia sauti yapungua, kisha yaongezeka tena. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya. Ubavu wa kijiti ukielekea stesheni, sauti huwa kubwa. Ncha yake ikielekea stesheni, sauti karibu hufa. Mwindaji hodari hafuati sauti kubwa, bali hutafuta mahali inapokufa. Sababu yake ni hii: sauti ikiwa kubwa, waweza kugeuza redio sana usione tofauti, lakini penye kimya, ukigeuza kidogo tu sauti hurudi. Kwa hiyo kimya huonyesha njia kwa usahihi zaidi.

Lakini kijiti kina ncha mbili. Mtu wa Vigwaza akipima stesheni iliyo Dar es Salaam, mstari wake utakwenda mashariki hata Dar es Salaam, na nyuma utakwenda magharibi, upande wa Morogoro. Atajuaje ni upi? Na aende Bagamoyo akapime tena. Mstari wa Bagamoyo utakata ule wa Vigwaza mahali pamoja tu, napo ni Dar es Salaam. Tena asipime usiku, maana usiku mawimbi hayo hurudi kutoka juu angani na kumpoteza mpimaji. Mawimbi mafupi ya mita 2 nayo hugonga vilima na majumba yakarudi, kama kengele ilivyogonga ukingo wa Ruvu.

Kijana aliposikia hayo alicheka, akasema, "Babu alikwisha nifundisha haya."

Ujuzi huu watumika pia katika kazi nzito. Huko Serengeti, utafiti wa simba ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966 ulianza kuitumia njia hii mwaka 1984: simba jike mmoja wa kila kundi alivikwa ukanda wenye chombo kidogo cha kurushia mawimbi, na watafiti wakazungusha antena hata wakajua kundi liliko. Na ndege ikianguka, chombo kilichomo ndani yake huita kwa mawimbi ya 406 MHz, yanayosikiwa na setilaiti. Mara nyingine setilaiti hujulisha eneo tu. Watafutaji wakikaribia, hufuata sauti nyingine dhaifu ya 121.5 MHz kwa antena iliyo mikononi mwao. Hapo mwenye pupa aweza kufuata mwangwi wa mlima, huku majeruhi wakingoja upande wa pili. Wale waliojizoeza kumtafuta mbweha porini husimama, hupima, husogea, kisha hupima tena.

Yule mjane wa Vigwaza hakujua habari za mawimbi wala za antena. Alijua tu ya kuwa amana yake imerudi salama, kwa sababu kijana alikubali kusimama na kusikiliza mara ya pili.