Kutoka Njombe hadi Mlimani: Siku ya kumpeleka binti chuo

Basi la Njombe linapoingia Mbezi jioni, abiria wa nyanda za juu hujulikana kabla hawajafungua mdomo. Ni wale walioshuka na sweta.

Baba mmoja na binti yake walikuwa miongoni mwao, wiki ya kufungua vyuo. Walikuwa wamekaa ndani ya basi tangu alfajiri, safari ya kilomita kama 700: Makambako, Iringa, kona za Kitonga, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vikiuzwa madirishani, kisha Mikumi ambako barabara inapita katikati ya hifadhi na binti alihesabu twiga mpaka akachoka. Morogoro wakavua sweta, Chalinze wakafungua dirisha. Kwenye buti la basi kulikuwa na tranka la bati alilosomea sekondari ya bweni, begi moja kubwa, ndoo iliyojaa vyombo, na gunia la viazi la shangazi yake anayeishi Mbagala.

Mzazi aliyefika Dar es Salaam miaka ya nyuma bado ana Ubungo kichwani. Enzi hizo ulishuka Ubungo, na chuo kilikuwa hapo juu ya kilima, karibu kabisa. Tangu Februari 2021 mabasi ya mikoani yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi, na kutoka hapo bado una safari nyingine ya kushuka Barabara ya Morogoro. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kukata tiketi, kwa sababu basi likifika saa 2 usiku, siyo saa ya kuanza kutafuta bweni na tranka kichwani.

Mbezi yenyewe ni kubwa na ina taa, lakini wabeba mizigo wana haraka kuliko abiria. Baba alimwachia kijana mmoja begi kabla ya kupatana bei, na walipofika nje ya geti akatajiwa kiasi ambacho Njombe kingenunua debe la viazi. Alilipa. Binti hakusema kitu, ila mzigo uliofuata aliubeba mwenyewe.

Usiku ule, kwa shangazi, baada ya shikamoo na wali wa nazi, likaja jambo ambalo baba alikuwa amesafiri nalo toka nyumbani.

Binti alikuwa amepata nafasi katika mabweni ya chuo. Namba ya malipo ilikuwa kwenye simu yake, na ada ya bweni ilikuwa haijalipwa. Mama yake alitaka alipe. Shangazi hakutaka hata kusikia. "Mtoto wa kaka yangu akalale kwa watu, na mimi nipo? Watu watanielewaje?" Alikuwa ameshatandika kitanda, ameshahamisha cherehani yake sebuleni. Na baba, ukweli usemwe, alikuwa upande wa dada yake. Hela ingebaki, na mtoto angekuwa chini ya macho ya mtu mzima. Familia nyingi zinazopeleka watoto Dar zinapita hapo hapo, na si kwa ubahili. Kumwacha msichana wa miaka 19 katika jiji la mamilioni ya watu si jambo la kuamuliwa kwa kikokotoo.

Binti alisema tu, "Nitafanya mtakavyoamua, baba." Akaenda kulala.

Asubuhi waliondoka wote watatu saa 11, giza bado. Daladala ya kwenda Mawasiliano inapita Barabara ya Mandela, njia ya malori yanayotoka bandarini, na malori hayajui kwamba kuna mtu ana ratiba. Walisimama mpaka Buguruni. Pale Tabata shangazi alipata kiti, baba akaendelea kuning'inia na bomba, tranka likiwa limebanwa kati ya miguu ya konda na mlango. Mawasiliano wakashuka, wakapanda nyingine ya chuoni. Walipogusa ardhi ya Mlimani ilikuwa saa 1 na nusu.

Shangazi alimuuliza kijana aliyekuwa anapita na daftari, "Mwanangu, ninyi mnaanza kusoma saa ngapi?"

"Kipindi cha kwanza saa 1, mama."

Alinyamaza. Akahesabu vidole, na hakuna aliyejua anahesabu nini. Halafu akasema, "Kaka, lipa."

Ilimalizikia hapo, chini ya mti, kwa wakala wa fedha mwenye mwamvuli. Kwa mzazi mwenye ndugu Sinza, Makongo au Ubungo, hesabu inaweza kuwa tofauti, na kukaa kwa ndugu kukawa na heri. Lakini Mbagala, Gongo la Mboto au Chanika ni mji mwingine kabisa, hata kama kwenye ramani vyote vinaitwa Dar es Salaam. Njia nzuri ya kujua ni ile waliyoitumia bila kukusudia: safiri mwenyewe, saa ileile ambayo mtoto angesafiri, na mzigo mkononi.

Mlimani ni mahali pa kutuliza moyo wa mzazi. Pako kilomita 13 tu kutoka katikati ya jiji lakini pana miti mikubwa, upepo, na vilima vinavyowafanya wanafunzi wavae raba badala ya viatu vya kuringia. Chuo kilianza 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na masomo ya sheria pekee. Kikahamia kilimani 1964, na 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Baba alisimama muda mrefu mbele ya Ukumbi wa Nkrumah. Aliujua. Ndio uliokuwa nyuma ya ile noti ya shilingi 500, kabla ya sarafu kuchukua nafasi yake, na yeye alikuwa ameibeba mfukoni miaka mingi bila kuuliza ni jengo gani. Binti alitaka kuona maktaba, ile iliyofunguliwa 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Shangazi alitaka kujua choo kiko wapi.

Kuna pia tumbili. Hawa si wa kuchekea sana. Dirisha likiachwa wazi na ndizi ikawa mezani, ndizi haitakuwepo.

Mabweni ya Magufuli, alikopangiwa binti, yalifunguliwa Aprili 2017 yakiwa na uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840. Yapo na mabweni ya zamani kilimani, na mengine Mabibo, nje ya eneo la chuo. Hata hivyo, wanaohitaji ni wengi kuliko vitanda. Waliokosa hupanga vyumba Msewe, Changanyikeni au Savei, kwa kuchangiana wawili watatu. Wengine hulala na mwenye nafasi kwenye kitanda kimoja, mtindo ambao wanafunzi wenyewe wanauita kubebana. Mzazi akisikia mtoto anasema "nimebebwa," aelewe kwamba mtoto hana pa kulala pa uhakika, na kwamba huo ndio wakati wa kuongea naye kuhusu chumba, bila ukali.

Chini ya jengo, tranka lilifunguliwa mbele ya kadamnasi. Wapo akina mama waliofika siku moja kabla ambao sasa wamegeuka wataalamu, na hawaogopi kutoa maoni. Blanketi mbili zikatolewa. Sweta ikabaki moja, ya ndani ya basi wakati wa likizo. Shuka nne na kanga vikapita. Pasi ikapita, jiko dogo la umeme likarudi kwa shangazi, kwa kuwa kupikia chumbani kunakatazwa kwenye mabweni mengi na waya zilizozidiwa zimeshaunguza vyumba katika mashule na vyuo vingi. Kufuli mbili, safi. Ndoo yenye mfuniko, safi zaidi, maana maji ya Dar yana siku zake. Beseni na feni ndogo vingenunuliwa Mwenge mchana huohuo. Hakuna sababu ya kusafirisha beseni kilomita 700.

Kitu kimoja hakikuwepo kwenye tranka wala begi: chandarua.

Kwa mtu wa Njombe si uzembe. Njombe ni moja ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na mtoto aliyekulia kwenye baridi ile anashuka pwani akiwa na kinga ndogo kuliko wenzake waliozaliwa Temeke au Bagamoyo. Homa ya wiki ya pili au ya tatu ndiyo inayowapata wengi wa aina yake, na wao huidhania mafua au uchovu wa safari, wakameza panado wakalala. Mama mmoja kutoka Tukuyu aliyasema haya akiwa anakunja shuka, na binti mkubwa wa mama huyo alikuwa amelazwa mwaka wake wa kwanza. Ushauri wake ulikuwa mfupi: chandarua kabla ya feni, kadi ya bima ndani ya pochi na si ndani ya begi, na ukihisi homa nenda kituo cha afya cha chuo siku hiyohiyo ukapimwe. Baba alikwenda Mwenge akarudi na chandarua viwili.

Suala la fedha nalo lilihitaji kikao kidogo. Wanafunzi wenye mkopo hupata fedha ya chakula na malazi, maarufu kama boom, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mikupuo. Wazazi wengi hudhani mtoto ataikuta inamsubiri. Haiko hivyo. Kwanza anasajiliwa, halafu anasaini, halafu anangoja. Baba alimkabidhi binti fedha ya wiki tatu na kumwambia nyingine ataituma kwa simu kila Jumapili jioni, kidogo kidogo. "Si kwamba sikuamini, mama," alimwambia binti yake. "Siwaamini watakaokukopa."

Kisha wakanyanyua mizigo. Kwenye ngazi mlinzi akasimama.

"Mzee, wewe utaishia hapa. Ni bweni la wasichana. Mama anaweza kupanda."

Shangazi akapanda na ndoo. Wasichana wawili wasiojulikana wakaja, wakalishika tranka huku na huku, wakapotea nalo ghorofani. Baba alibaki na begi la viatu mkononi mpaka mmoja wao aliporudi kulichukua. Alisubiri kama dakika 40, akitazama madirisha na kujaribu kubahatisha ni lipi.

Binti alishuka kumuaga. Alikuwa ameshabadilisha nguo, amevaa malapa. Waliongea habari za vocha.

Kesho yake, basi likiwa limeshapita Mikumi, simu ya baba iliita. Ilikuwa Njombe.

"Umemwacha salama?"

"Salama kabisa."

"Chumba kikoje? Kina hewa? Kitanda chake cha juu au cha chini?"

Baba alitazama nje, kwenye nyasi.

"Muulize wifi yako," alisema. "Mimi sikukiona."