Deni la mhadhiri hufika hadi mezani nyumbani

Wazazi wenzangu wenye watoto vyuoni, wakati wa mgomo wa 2025 wengi wenu mliniuliza swali moja: hawa wahadhiri wanataka nini tena? Mgomo ulianza Septemba 17 na kumalizika Novemba 5, siku 49. Walikuwa wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa nyongeza ya mishahara wa 2017-2021. Mimi ni mke wa mhadhiri. Kifungua mimba wetu ameanza na kumaliza sekondari deni hilo likiwa halijalipwa.

Lakini baba watoto hakuvunjwa moyo na uchache wa pesa. Kilichomvunja ni makato. Kila mwezi hati yake ya mshahara ilionyesha amekatwa pesa za Sacco. Tulipoomba mkopo wa karo, tukaambiwa chuo hakijawasilisha chochote kwa miezi kadhaa. Aliandika barua kwa wakubwa wake mara tatu. Hakujibiwa, hata kwa neno la kumtuliza.

Hapo ndipo nilipoona kazi ikimtoka mkononi. Mtu aliyekuwa akisahihisha tasnifu hadi saa sita usiku, akijaza pembezoni maelezo kwa kalamu nyekundu, aliacha mafurushi ya karatasi za mitihani nyuma ya kochi wiki nzima. Wikendi alikwenda kufundisha kibarua katika chuo kingine, ambacho nacho kilichelewesha malipo. Nikajua kuna mama mahali fulani anayeambiwa na mwanawe kwamba alama zake hazionekani.

Kisha idara ikapata mkuu mpya, mama mmoja asiye na makeke. Mshahara haukuongezeka hata shilingi. Aliwaita wote, akawaeleza pesa gani imefika, ipi haijafika, na yeye ameandikia ofisi gani. Akagawa upya mzigo wa kusahihisha, naye mwenyewe akachukua darasa la mwaka wa kwanza, lile lenye msongamano ambalo kila mtu hulikwepa. Muhula huo mafurushi yalitoka nyuma ya kochi. Baba watoto akaanza tena kupokea simu za wanafunzi jioni, hata chakula kikipoa (hilo sikulifurahia sana).

Msinielewe vibaya. Heshima ya mkuu wa idara haipokelewi na mhasibu wa shule ya kitinda mimba wetu. Mama yule alituliza watu, lakini hakuwa na ufunguo wa sanduku la pesa, na walio nao hawakuwahi kukaa na wahadhiri kuwaeleza lolote. Mgomo ulipoitishwa, naye alitoka.

Makubaliano ya kurudi kazini yaligawa deni mara mbili: nusu Novemba 2025, nusu Julai 2026. Nusu ya kwanza tulishaipangia kabla haijafika: karo, kisha Sacco.