Mbwa wa Marehemu

Katika mirathi ya mfugaji wa Singida kila kitu huhesabiwa. Ng'ombe huhesabiwa kwanza, tena kwa rangi zao. Mbuzi na kondoo hufuata. Kisha shamba la uwele na alizeti, plau, baiskeli, hata mabati ya paa. Mbwa hahesabiwi. Huenda amelinda zizi hilo miaka 9 au 10, akakabiliana na fisi mara zisizo na idadi, lakini hapana mrithi anyoshaye mkono kumdai. Mali ni kitu ambacho watu wawili waweza kukigombea, na mbwa mzee hagombewi na mtu.

Hapo ndipo mbwa huwa koko. Wengi hudhani kuwa mbwa koko alizaliwa kichakani pasipo bwana. Wataalamu waliochunguza mbwa wa kaskazini ya Tanzania waliona kuwa wengi wa wale waonekanao wakizurura wana wenyewe, na kwao hupajua. Asiye na kwao hasa ni yule ambaye mwenyewe amekufa, au amehamishwa kikazi, au amechoka naye.

Katika nchi nyingine pengo lililo kati ya bwana wa kwanza na bwana wa pili limejengewa nyumba. Mary Tealby alianzisha makao ya mbwa waliopotea mjini London mwaka 1860, na magazeti yakamcheka. Mwaka 1871 makao hayo yalihamia Battersea, yakaishinda dhihaka. Nairobi nako kuna makao ya namna hiyo. Vijijini Singida pengo hilo halina nyumba. Lina njia, lina mawe ya watoto, na lina jirani, akiwapo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nayo humtwika wajibu mwenye mnyama. Lakini wajibu nao hutaka mtu wa kuubeba.

Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ikungi mtu huyo alikuwa muuguzi mstaafu, mjane wa miaka 68, Mnyiramba aliyeishi miaka mingi kati ya Wanyaturu. Jirani yake, mfugaji, alikufa. Wanawe walikuja, wakazika, wakauza mifugo, wakafunga mlango, wakarudi mijini. Mbwa alibaki. Mchana hakuonekana, jioni, saa ambayo ng'ombe walizoea kurudi, alikuja akasimama kwenye lango la zizi tupu, akangoja mpaka giza likaingia.

Muuguzi hakuwa mpenzi wa mbwa. Kazini aliwahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa akiogopa maji aliyokuwa na kiu nayo, na jambo hilo halisahauliki. Ugonjwa huo, dalili zake zikisha kutokea, karibu kila mara humwua mgonjwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huua watu kiasi cha 59,000 kila mwaka, na katika kila wagonjwa 100, 99 huupata kwa mbwa. Kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya halikuwa kumlisha mbwa, bali kuuliza: aliwahi kumwuma mtu? Aliwahi kuchanjwa? La kwanza alijibiwa hapana. La pili hakuna aliyelijua. Akamwita mganga wa mifugo. Hata watoto wa njia ile aliwafundisha kwamba jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali siku ile ile, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Huruma isiyoanza na chanjo ni huruma ya nusu, na mara nyingine ni hatari kamili.

Mwanawe, mkazi wa Dodoma, alipata habari akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Nasikia umechukua mbwa wa marehemu. Mbwa mzee wa nini? Kama ni mlinzi, nitakuletea kitoto cha mbwa."

"Marahaba, mwanangu. Kitoto hicho kikiishi miaka 12, mimi nitakuwa na miaka 80. Nikifa, utakuja kukichukua?"

Mwana alinyamaza.

"Basi, huyu tutakwenda naye sawa."

Jawabu hilo lastahili kuangaliwa kuliko huruma yenyewe. Watu husema kuwa kumchukua mbwa mzee ni hasara, kwa sababu siku zake zilizobaki ni chache. Mjane huyu alizihesabu siku zake pamoja na za mbwa, akaona kuwa uchache huo ndio uliofaa. Hakutaka kumwachia mwingine lango la kungojea.

Kazi haikuwa nyepesi. Majuma ya kwanza ilibidi mbwa afungwe kamba, la sivyo angerudi kwake. Naye alilia usiku hata majirani wakanung'unika. Alikuwa amelelewa kwa Kinyaturu: akiitwa kwa Kiswahili alitazama pembeni, kama mgeni asiyetaka kuonekana hajasikia. Muuguzi, ambaye kwa miaka yote alikuwa akikisema Kinyaturu kwa wagonjwa tu, akaanza kukisema nyumbani. Meno ya mbwa yalikuwa yamelika. Ugali ulilainishwa kwa mchuzi wa dagaa. Macho yalikuwa na ukungu wa buluu, ambao katika mbwa wazee si lazima uwe upofu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya nyanda za Singida ilipomkaza viungo, alichukua muda mrefu kusimama, na mjane, ambaye magoti yake nayo yalikuwa na habari zake, hakumharakisha.

Jirani mmoja Mwislamu alifuata madhehebu ya Shafii, ambayo huamuru chombo kilicholambwa na mbwa kioshwe mara 7, mojawapo kwa udongo. Hakutaka mbwa afukuzwe. Aliomba tu bakuli lake liwekwe mbali na kisima, likawekwa. Na tangu siku hiyo mifupa ya nyama ya kwake ilifika kwa mjane ikiwa imefungwa katika karatasi.

Mwezi wa tatu kamba ilifunguliwa. Mbwa alikwenda moja kwa moja kwenye lango la zizi, akalala huko siku 2, akarudi. Baadaye aliendelea kwenda kila jioni, lakini hakungoja tena mpaka giza.

Mwaka wa pili masikio yalimpungukia. Fisi alipolia upande wa majabali, mbwa hakuinuka. Mjane ndiye aliyeamka, akawasha taa, akatazama kuku wake, kisha akamtazama mbwa aliyelala kizingitini, akapita juu yake polepole asimwamshe.